Ukikosa la Kumwambia Mungu, Acha Mstari Uanze

Tuwe wakweli, wapenzi wasomaji. Kuna usiku unapiga magoti kando ya kitanda, unafumba macho, unasema "Ee Mungu wangu", halafu basi. Kichwa kinakimbilia ada ya shule, kodi ya nyumba na meseji ya bosi ambayo hujaijibu. Dakika tano baadaye unajikuta unapanga mboga ya kesho. Unasema amina na kupanda kitandani na mzigo uleule ulioshuka nao.

Kuna usiku mwingine ambapo maneno yapo, ila ni yaleyale ya mwaka juzi. Nilinde, nibariki, wabariki ndugu zangu, amina. Mwenyewe unajisikia kama unasoma risiti.

Ipo njia ya zamani sana ya kutoka hapo: kuomba kwa kutumia mistari ya Biblia. Watu wa kwenye Biblia wenyewe waliitumia. Sala ya Yona ndani ya samaki imejaa maneno yanayofanana na ya Zaburi. Wimbo wa Mariamu katika Luka 1 unafuata nyayo za wimbo wa Hana katika 1 Samweli 2. Petro na Yohana walipotishwa na wakuu wa Yerusalemu, wenzao waliomba pamoja wakianzia kwenye Zaburi ya 2. Habari hiyo iko Matendo 4. Hata Yesu msalabani alishika maneno ya Zaburi ya 22 na ya 31. Kama yeye, katika saa ile, aliazima maneno, basi hakuna aibu mimi na wewe kuazima.

Lakini siku hizi kuna namna mbili za kutumia mistari, na zinatofautiana kama mchana na usiku. Moja inakupa pumzi. Nyingine inaweza kukuvunja moyo kabisa, hasa ukiwa tayari umeumia. Nazijua zote mbili, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mstari uliokwama kooni

Nimeolewa miaka saba sasa. Nimebeba mimba mbili na zote zimeharibika, ya kwanza ikiwa na wiki tisa, ya pili wiki kumi na moja. Kama umepitia hili unajua jinsi inavyokuwa. Watu wanakuja na matunda, wanakaa nusu saa, wanaondoka. Unabaki na mume ambaye hajui akushike au akuache, na gauni pana ulilonunua mapema mno likiwa limening'inia kabatini.

Baada ya ile ya pili, meseji zilianza kuingia. Kutoka 23:26. Kwa asiyeukumbuka, huo ni mstari ambapo Mungu anaahidi kwamba katika nchi ile hatakuwepo mwanamke wa kuharibu mimba wala aliye tasa. Wiki moja niliupokea kutoka kwa watu wanne tofauti. Mmoja aliambatanisha maelekezo: niukiri kwa sauti mara saba kwa siku, siku 21, mkono ukiwa tumboni. Mwingine, mama ninayemheshimu, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, lakini ulipokuwa nayo, uliuamini?"

Najua walitaka kunisaidia. Ila hebu litazame lile swali. Kama mstari ni dawa, na mimba imetoka, basi mgonjwa hakuimeza vizuri. Yaani mwanamke amefiwa, na juu ya msiba anapewa na kesi.

Daktari wangu aliniambia jambo ambalo kila mwanamke anastahili kulisikia. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, kama 10 hadi 20 huharibika, na nyingi huharibika kabla ya wiki ya 12. Sababu kubwa katika hizo za mwanzo ni hitilafu kwenye kromosomu za mtoto mwenyewe. Hukubeba ndoo ukaiua mimba, wala hukuiua kwa kugombana na wifi yako. Na ukiharibu mimba mara mbili au zaidi, nenda ukapimwe, wewe na mwenzako. Mimi nimepimwa, na sioni kwamba vipimo vinagombana na sala.

Hata hivyo, nilikaa karibu mwezi mzima bila kuweza kuomba. Nikifungua mdomo, mstari ule unakaa kooni.

Hodi na karibu

Shangazi yangu alitoka Bukoba akaja kukaa nami wiki mbili. Ni Mlutheri wa siku nyingi, na anatembea na Biblia yake ya Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952. Nakala yake haina tena jalada la nyuma. Siku tatu za kwanza hakusema lolote la dini. Alipika, alifua, alinilazimisha kunywa uji. Usiku wa nne akauliza.

"Mwanangu, unaomba?"

"Nimeshindwa, shangazi. Sina cha kusema."

"Basi usianze wewe. Mgeni akibisha hodi mlangoni, unamwanzishia wewe hadithi zako? Si unamsikiliza kwanza kilichomleta? Mstari ni hodi. Wewe kazi yako ni kuitikia."

Akafungua Zaburi ya 13. Ni fupi, mistari sita tu. Alisoma mmoja, akanyamaza, kisha akajibu kwa Kihaya, taratibu, kama anaongea na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Akanisogezea Biblia.

Mwanzoni mwa zaburi ile mwandishi anamuuliza Mungu mara nne kwamba mambo haya yataendelea mpaka lini. Mara nne! Hakuna anayemwambia apunguze sauti, na hakuna anayemuuliza kuhusu imani yake. Nikajibu, "Na mimi nauliza hivyohivyo. Wiki tisa, halafu kumi na moja. Mpaka lini?" Yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya sala tangu nitoke hospitali.

Mistari ya katikati anaomba macho yake yapewe nuru. Mimi niliomba nguvu ya kufungua pazia asubuhi. Mistari miwili ya mwisho, mwandishi anageuka na kusema anatumaini na ataimba. Hapo nilikwama, nikamwambia shangazi.

"Basi hapo usiseme uongo," alisema. "Mwambie hujafika."

Kwa hiyo niliomba hivi: "Bwana, hii miwili ya mwisho bado si yangu. Nitunzie."

Nikalala usingizi wa saa sita, kitu ambacho sikuwa nimekipata kwa wiki kadhaa.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Ukitumia mstari kama dai, wewe ndiye unayeongea na Mungu ndiye anayetakiwa kutekeleza. Ukiutumia kama hodi, yeye ameongea kwanza, na sala yako ni jibu. Jibu linaweza kuwa asante. Linaweza kuwa swali, kilio, au "sijafika". Lote ni sala. Na hakuna mtihani wa kufeli.

Uso wa Hana

Baada ya shangazi kurudi Bukoba niliendelea na 1 Samweli sura ya 1. Wengi tunaikumbuka habari ya Hana kwa mwisho wake: aliomba, akapata Samweli. Isome polepole. Hana analia, hali chakula. Mume wake Elkana anampenda kweli, anamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Biblia haijaandika jibu lolote la Hana! Akina dada, si mnaelewa? Hekaluni midomo yake inacheza bila sauti, na kuhani Eli anadhani amelewa. Ndiyo, kuna nyakati hata mtumishi wa Mungu anakusoma vibaya.

Sasa angalia mstari wa 18. Hana anaondoka, anakula, na uso wake hauna huzuni tena. Hiyo ni kabla ya mimba. Hakuna mtoto bado, hakuna dalili, hakuna kitu mkononi. Kilichobadilika kwanza ni uso, kwa sababu mzigo aliokuwa nao peke yake ameshausema kwa mwingine.

Jioni moja nilimsomea mume wangu sura ile. Yeye baada ya mimba ya pili alikuwa anachelewa kurudi, na akirudi anaongea na televisheni. Nilipofika kwa Elkana na wana wake kumi akacheka, "Huyu jamaa ni mimi kabisa." Kisha akanyamaza. Kisha akafuta macho. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya watoto wale. Sala yake usiku ule ilikuwa na sentensi mbili: "Mungu, mimi sijui cha kumwambia mke wangu. Nisaidie nisikimbie." Tangu hapo anarudi nyumbani saa kumi na mbili.

Kinyozi wa Luther

Mwaka 1535 kinyozi wa Martin Luther, aliyeitwa Peter Beskendorf, alimwomba amfundishe kuomba. Luther, profesa mzima, alimwandikia kitabu kidogo. Alimkumbusha kwamba kinyozi mzuri macho na akili vyote viko kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku mawazo yako kwingine atamkata mtu. Sala nayo inataka hivyohivyo. Kisha akampa njia rahisi: chukua amri au mstari mmoja, uupitie mara nne. Unanifundisha nini? Unanipa sababu gani ya kushukuru? Unanionyesha kosa gani la kuungama? Unanipa nini cha kuomba?

Miaka kama 400 kabla yake, mtawa mmoja Mkatoliki wa Ufaransa, Guigo II, aliielezea sala ya namna hii kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Kwa hiyo uwe Mkatoliki, Mlutheri au Mpentekoste, njia ni ya nyumbani kwako pia.

Mimi ninafanya hivi, na haizidi dakika kumi na tano:

Kwanza, ninachagua kifungu kifupi, mistari mitatu hadi sita. Ninabaki nacho wiki nzima, sirukiruki.

Pili, ninakisoma kwa sauti mara mbili. Sauti inazuia mawazo kwenda sokoni. Kama Union Version inakupa shida na maneno yake ya kale, soma Biblia Habari Njema; Kiswahili chake ni chepesi.

Tatu, ninasimama kwenye neno moja lililonigusa, au lililoniudhi. Ndiyo, lililoniudhi. Mara nyingi hapo ndipo penye mazungumzo.

Nne, ninajibu kwa maneno yangu na kwa lugha inayonitoka yenyewe. Kama kilio chako kinatoka kwa Kisukuma au Kinyakyusa, lia kwa Kisukuma au Kinyakyusa.

Tano, ninakaa kimya dakika mbili. Mwanzoni ni ngumu. Unazoea.

Sita, ninaandika sentensi moja kwenye daftari, na tarehe. Baada ya miezi mitatu utashangaa umetembea wapi.

Usinunue mstari bila kuona nyumba yake

Namba za sura na mistari hazikuandikwa na manabii. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ulipangwa mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya tunazozijua leo ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Ni msaada wa kutafuta tu. Mstari si kidonge kinachokaa peke yake kwenye pakiti. Ni chumba ndani ya nyumba, na nyumba ina wenyewe.

Chukua Kutoka 23:26. Pale Mungu anasema na taifa la Israeli likiwa Sinai, kuhusu nchi wanayokwenda kuingia. Halikuwa agizo la kumpima mwanamke mmoja mmoja imani yake. Hana aliishi ndani ya nchi hiyohiyo na alikaa miaka bila mtoto. Na Luka 1 inasema wazi kwamba Zakaria na Elisabeti walikuwa wenye haki mbele za Mungu. Mstari unaofuata unasema hawakuwa na mtoto. Hayo mawili yamewekwa bega kwa bega. Nikutanapo na dada anayeambiwa tumbo lake ni deni la imani, huwa ninamwelekeza hapo.

Chukua Yeremia 29:11, ule wa mawazo mema na tumaini, unaoandikwa kwenye keki za kipaimara na kadi za harusi. Ni mstari mzuri. Lakini umo ndani ya barua iliyotumwa kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70. Mistari ya 5 hadi 7 inawaambia wajenge, walime, waoe, na wauombee mji ule. Ukiuomba mstari wa 11 pamoja na jirani zake, unaomba pia uvumilivu na akili ya kuishi vizuri mahali usipopapenda. Hiyo ni sala nzito kuliko kuomba gari.

Na Zaburi ya 91, ambayo wengine huiacha wazi kando ya kitanda usiku kucha? Kumbuka ni zaburi hiyo ambayo shetani alimnukulia Yesu jangwani, katika Mathayo 4, akimshawishi ajirushe kutoka juu ya hekalu. Yesu alimjibu kwa mstari mwingine, kutoka Kumbukumbu la Torati. Kumbe kuujua mstari peke yake hakutoshi. Hata yule anaujua.

Mistari si fimbo ya ndoa

Hili ni gazeti la mahusiano, kwa hiyo niseme na hili. Kuna sala ambazo ni mahubiri yaliyofumba macho. "Ee Bwana, mkumbushe mume wangu Waefeso 5:25." Naye akishika zamu, "Bwana, mfundishe mke wangu mstari wa 22." Hapo hamwombi, mnatupiana mawe. Ukiomba na mwenzako, shika mstari unaokuhusu wewe. Soma 1 Wakorintho 13:4-7 na palipoandikwa upendo weka jina lako. Utafika mstari wa tano tu, ambapo upendo hauwi mwepesi wa hasira, na utakuwa na ya kutosha kuongea na Mungu mpaka asubuhi.

Na kama nyumbani kwako kuna kipigo, asikuambie mtu kwamba kuna mstari unaokutaka unyamaze na kuomba tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Zaburi ya 10 inamwomba Mungu amtetee anayeonewa. Unaweza kuiomba ukiwa njiani kwenda kituoni.

Pa kuanzia

Usiku wa mawazo, usingizi hauji: Zaburi ya 4.

Umesalitiwa na mtu wa karibu: Zaburi ya 55. Mwandishi anasema angekuwa adui angevumilia, lakini ni rafiki.

Pesa, ziwe zimepungua au zimezidi: Mithali 30:7-9. Mtu anayeitwa Aguri anaomba asiwe maskini wala tajiri. Jaribu kuiomba ukimaanisha.

Unasimama njia panda: Yakobo 1:5.

Wasiwasi: Wafilipi 4:6-7. Kumbuka Paulo aliyaandika akiwa kifungoni.

Unataka kuombea watoto au wadogo zako: Hesabu 6:24-26.

Unahitaji kuchunguzwa moyo: Zaburi 139:23-24.

Giza tupu, huna hata tumaini la kuazima: Zaburi ya 88. Ni zaburi inayoishia gizani, bila kugeukia wimbo mwishoni. Iko ndani ya Biblia kwa ajili ya usiku wa namna hiyo.

Najua utauliza, kwa hiyo nikujibu. Hapana, bado hatujapata mtoto. Tunaendelea na daktari, na tunaendelea kuomba. Mwaka huu, miezi kadhaa baada ya usiku ule na shangazi, nilirudi kwenye Zaburi ya 13, na nilipofika ile mistari miwili ya mwisho niliisoma bila kusimama. Mume wangu aliniangalia, hakusema kitu. Nami sikumwambia Mungu lolote zaidi ya "asante kwa kunitunzia."

Wewe anza na ya kwako leo usiku. Chagua mistari michache, soma polepole, sikia hodi. Ukikwama katikati, mwambie tu kwamba umekwama.